Masika ya Kumtafuta Zadok

Jumamosi, 1 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta Igogo leo, mbele ya nyumba ya mtu nisiyemjua.

Nkwabi, mhariri wangu wa Dar es Salaam, anataka kitabu cha tano cha Inspekta Ngosha kabla Mei haijaisha. Vinne vya kwanza vinauzwa stendi ya Buzuruga kama karanga. Watu wanampenda Ngosha kwa sababu ni Msukuma mpole wa mwaka 1978, anazunguka Mwanza kwa baiskeli na kuwabana wauaji kwa maswali ya taratibu. Mimi mwenyewe mwaka huo sikuwa nimezaliwa. Kwa hiyo kila kitabu naanza kwa kutafuta wazee wanieleze mji ambao sikuuona: duka gani lilikuwa wapi, watu walivaa nini, foleni ya sukari ilikuwaje.

Mteja mmoja pale kwenye kibanda changu cha kuchapa na kutoa fotokopi, Nyamagana, ndiye aliyenitajia Mama Rozina. Alisema ni mama wa Kijaluo kutoka Rorya. Mume wake, Zadok, alikuwa fundi wa mitambo ya meli. Jumamosi moja mchana mwaka 1978 alitoka nyumbani kwenda mjini kuchukua redio yake kwa fundi, asirudi. Fundi alisema redio aliichukua. Baada ya hapo hakuna aliyemwona Zadok wala redio.

Habari kama hiyo huitungi, unaiokota.

Nilimkuta barazani anachambua dagaa kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia, akasema nisogee nisije nikalowa. Nikajitaja jina, nikasema, "Mama, nafuatilia habari za mzee Zadok."

Mikono yake ilisimama.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nimekuja mwenyewe."

Alinitazama viatu, akatazama begi, akatazama kalamu niliyokwisha kuishika. "Wapelelezi wote husema hivyo," akasema. Akanivutia kigoda na kukifuta kwa upindo wa kanga. "Kaa, mwanangu. Nimewangoja sana."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema mimi ni nani. Nilicheka tu. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na yeye alikwisha kuanza kueleza.

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi. Wateja wamerudi na karatasi zao.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi kwa Mama Rozina. Ana kumbukumbu ambayo mwandishi anaiomba kwa Mungu. Zadok alivaa shati la kijivu lenye mfuko mmoja, kola imegeuzwa kwa sababu upande wa nje ulikuwa umelika. Alichana nywele mbele ya kioo cha kabati, akamwambia asimwekee chai kwenye chupa maana hatakawia. Hellen, mtoto wao, alikuwa na miaka minne, akamfuata hadi njiani na kurudishwa.

"Na wewe ulifanya nini?" nikauliza.

"Nilifua. Ningefanya nini? Mtu anakwenda kuchukua redio."

Niliandika mpaka vidole vikauma. Nilipokuwa naaga akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuvuka mpaka, "Sasa faili limefunguliwa upya?"

Nikajibu, "Tunaanza na maelezo kwanza, mama."

Tunaanza. Sijui hiyo "tu" ilitoka wapi. Lakini nilifika nyumbani nikaandika sura ya kwanza yote bila kunyanyuka, na ni nzuri, nzuri kuliko chochote katika vile vitabu vinne.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Mvua. Sura ya pili.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimekutana na Hellen. Anafanya kazi katika duka la dawa huko Buzuruga, na alikuwa ananingoja mwanzo wa kichochoro, kabla sijafika kwa mama yake. Ni mwanamke mrefu, mtulivu wa kuongea. Alikuwa ameshika kitabu changu cha tatu.

"Hiki nimekinunua stendi," akasema. "Jina ni lako na picha ya nyuma ni yako. Mama anasema wewe ni ofisa."

"Sikumwambia hivyo."

"Ulimwambia wewe si ofisa?"

Tukasogea chini ya mwavuli wake, akanieleza jambo ambalo Mama Rozina hakunigusia kabisa. Ukoo wa baba yake ulipanga kumzika Zadok mwaka huu, baada ya Pasaka. Kwao, mtu aliyepotea na mwili usionekane, huzikwa tunda la mwegea mahali pake. Wenyewe wanaliita yago. Linavikwa shuka, linawekwa kaburini nyumbani kwao, watu wanalia, na mtu anahesabiwa kuwa amelala. Aliyelisimamia jambo hili ni Mzee Otuoma, kaka yake Zadok. Anaumwa moyo, na amesema hataki kufa kabla hajamlaza mdogo wake. Mama Rozina alikataa kwa miaka mingi, kisha Krismasi iliyopita akakubali.

"Ulipokuja wewe akapiga simu nyumbani," Hellen akasema. "Amewaambia wasimamishe kila kitu. Anasema serikali imeanza kumtafuta mume wake, na hawezi kuzika tunda huku mtu anatafutwa."

"Mwambie ukweli, Hellen."

"Mimi? Nilishasimama upande wa baba mkubwa kwenye hili la mazishi. Nikimwambia wewe ni mtunga hadithi, atasema nimekutungia uongo ili nimzike baba haraka. Umwambie wewe, kwa mdomo wako."

Nikamwahidi kwamba nikirudi tu, jambo la kwanza litakuwa hilo. Leo sikufika kwa mama. Niligeuza nikarudi nyumbani.

Alhamisi, 20 Machi

Nilikwenda kusema. Nimeandika hivyo ili nikumbuke kwamba nia nilikuwa nayo.

Nilikuta mlango wa mbele umepakwa rangi mpya, ya bluu, bado inanata. Ndani ametandika kitambaa cha kufuma mezani. Kwenye kamba ya dirishani ametundika koti la suti la kiume, la zamani, linapigwa hewa.

"Nimelitoa kwenye sanduku," akasema. "Nondo hawajaligusa. Mkimpata, hata kama ni mifupa tu, hawezi kurudi kwao bila koti."

Alikuwa amenipikia sato wa nazi na ugali wa muhogo. Yeye mwenyewe alininawisha mikono, akimimina maji polepole kutoka kwenye birika. Nilikula. Kila tonge nilijiambia, nikimaliza hili nitasema. Nikamaliza ugali. Akaniongeza.

Sikusema.

Jumamosi, 22 Machi

Nkwabi amepiga simu. Amesoma sura sita na amefurahi kupita kiasi. "Dada Bernadeta, sasa niambie, nani kamuua?"

Nikasema bado sijaamua. Labda mwenzake wa kazini, labda mambo ya magendo ya ziwani.

"Magendo wamechoka nayo. Mtu anayesoma ndani ya basi anataka muuaji awe wa karibu, mtu ambaye amempenda tangu ukurasa wa kwanza. Mke. Si ndiye anayehadithia? Mfanye mke."

Nikamwambia nitafikiria.

Jumanne, 25 Machi

Nimefikiria. Mke.

Kila kitu kinakaa sawasawa. Kufua Jumamosi mchana: anafua nini? Kukumbuka shati kwa undani hivyo: nani anakumbuka kola? Kumrudisha mtoto kutoka njiani. Sikulazimika kubadilisha chochote katika maneno ya Mama Rozina. Niliyapanga tu kwa namna nyingine, na yakawa ushahidi.

Nilifurahi asubuhi nzima. Mchana nikaona haya, nikaenda kufungua kibanda.

Jumamosi, 29 Machi

Leo lazima niandike kwa kirefu.

Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Nilimkuta nyuma ya nyumba anaparua magamba ya samaki kwa kisu kifupi. Nikakaa, na badala ya kusema niliyotumwa na dhamira yangu, nikajikuta namtazama mikono. Ni mikono mikubwa, yenye nguvu bado. Nikawaza: mwaka ule alikuwa na miaka ishirini na sita. Angeweza. Nilikuwa namtazama mama aliyenilisha nikimpima kama anaweza kuburuta mwili wa mtu mzima mpaka ziwani.

Nikamuuliza kama Ngosha angeuliza. "Mama, mlikuwa mnagombana?"

Alisimamisha kisu. Nikadhani amekasirika. Kumbe uso wake ulikuwa umepata nuru.

"Hilo ni swali la kazi," akasema. "Mwaka ule hakuna askari aliyeniuliza. Waliandika jina lake na urefu wake, wakaniambia nirudi Jumatatu. Niulize lolote, mwanangu. Usinionee aibu."

Akanawa mikono, akaja kukaa karibu yangu.

"Nitakwambia jambo ambalo Hellen halijui vizuri. Zadok alipopotea, watu wa kwao walikuja hapa. Walikaa pale ndani, wakawa wananitazama. Mama mkwe alifungua masanduku yangu. Walichimba pale kwenye migomba." Akaonyesha kwa kidole mahali penye banda la kuku sasa. "Walisema nimemuua. Walisema nina mwanamume mwingine huko Kirumba. Mimi nilikuwa nimekaa na mtoto mapajani, nawasikia wanachimba."

"Wakapata nini?"

"Watapata nini? Mizizi. Lakini mtu akishakuchimbia ua, hata asipopata kitu, huwezi kuwa mtu yule yule. Ni Otuoma peke yake aliyesimama. Aliwaambia, huyu ni mke wa ndugu yangu, atakayemgusa aniguse mimi kwanza. Wakaondoka. Hawakuomba radhi mpaka leo. Wakinisalimia msibani, najua wanawaza nini."

Alinishika mkono. Vidole vilikuwa vinanuka samaki na sabuni.

"Kwa hiyo nilipokuona siku ile, nilimshukuru Mungu. Mkimpata, hata mfupa mmoja, mkajua alifia wapi na nani alimfanya nini, Otuoma atajua hakunitetea bure. Anaumwa, unajua. Nataka alijue hilo kabla."

Kwenye begi langu, kati yangu na yeye, ilikuwemo sura ya kumi na moja. Ndani yake mke anachimba kwenye migomba.

Migomba niliitunga mwenyewe. Nilihitaji mahali pa kuficha redio, nikaweka migomba kwa sababu nyumba za Igogo zilikuwa nayo.

Nilimwambia kichwa kinaniuma, nikaondoka.

Jumanne, 1 Aprili

Sikuandika. Mvua usiku na mchana. Maji yameingia kibandani, nimepandisha karatasi juu ya meza.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemtumia Nkwabi sura ya kumi na moja. Nilikaa siku nne nikitafuta muuaji mwingine na kila niliyemleta alikuwa wa karatasi. Nkwabi amejibu mara moja. Anasema nywele zimemsimama.

Nilijiambia kitabu ni kitabu. Mke wa kwenye kitabu anaitwa Leokadia na si Mjaluo. Nikajiambia tena baada ya chakula. Nikikosa usingizi wa mchana, najiambia tena.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilikwenda Igogo kusema, na safari hii nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu njia nzima: Mama, mimi naandika vitabu vya hadithi. Maneno machache. Mtoto wa shule angeyaweza.

Nilipoingia alikuwa kwenye simu. Hellen naye alikuwepo, amesimama karibu na kabati, mikono amekunja. Mama Rozina alikuwa anaongea Kijaluo kwa haraka, kisha akaingia Kiswahili, nadhani ili nami nisikie: "Subiri kidogo tu, shemeji. Wametuma mtu. Ni mtu makini, anakuja kila wiki, anaandika kila kitu. Huyu hapa ameingia sasa hivi. Ongea naye."

Akaninyooshea simu.

Nilimtazama Hellen. Hellen alinitazama vilevile, bila kupepesa, na nikaelewa kwamba ananipa nafasi. Nikaichukua simu.

Kulikuwa na sauti ya mtu anayevuta pumzi kwa shida, na nyuma yake jogoo anawika. "Mama," Mzee Otuoma akasema, "shikamoo ya mbali." Mzee wa miaka themanini na kitu, anatania. Nikamwamkia mimi, akaitikia. Halafu akauliza, "Niambie mimi tu. Mtampata?"

Mama Rozina alikuwa ameegemea mbele kwenye kiti, viganja kwenye magoti.

"Tunajitahidi, mzee," nikasema.

"Haya. Basi nitawasubiri. Mimi nilitaka tumlaze sasa, lakini kama mnamtafuta, nitasubiri."

Nikarudisha simu. Hellen alitoka nje, na nilisikia lango likijibamiza.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Sikwenda kanisani.

Jumatano, 23 Aprili

Ujumbe kutoka kwa Hellen, bila salamu: "Baba mkubwa Otuoma amefariki alfajiri. Mpaka jana alikuwa anauliza kama umepiga."

Alhamisi, 24 Aprili

Nimesema.

Nilifika asubuhi. Hellen alikuwa amekwenda kukata tiketi za basi. Mama Rozina alikuwa chumbani, anafunga mzigo wa safari, nguo zimetandazwa kitandani. Macho yalikuwa mekundu lakini alinikaribisha vizuri, akaniita mwanangu, akasema nisijilaumu, anajua tulikuwa tunafanya haraka.

"Mama, mimi si mpelelezi."

"Najua wamekukataza kusema."

"Hakuna aliyenikataza. Mimi ni mwandishi wa vitabu vya hadithi." Nikatoa kitabu cha kwanza, nikamwekea mkononi. Alikisogeza mbali na macho, akalisoma jina langu kwa taratibu, kisha akatazama mchoro wa mtu mwenye baiskeli.

"Huyu nani?"

"Inspekta Ngosha. Nimemtunga. Hayupo."

"Na faili la Zadok?"

"Hakuna faili, mama."

"Wenzako? Ulisema tunaanza, tunajitahidi."

"Niko peke yangu. Nilikuwa nataka habari za zamani za kuandikia kitabu. Ulivyonidhania, nikakuacha unidhanie, kwa sababu ulikuwa unanieleza vizuri."

Alikaa kitandani juu ya nguo alizozikunja. Nje kuku walikuwa wanaparura. Nilidhani atalia, nikajiandaa kulia naye. Hakulia.

"Na humo kitabuni," akauliza, "nani amemuua?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na majibu mengi, ndiyo kazi yangu. Nilimtazama na nikashindwa kumwongezea uongo mwingine.

"Mke wake."

Mama Rozina alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu. Akainuka, akaanza kuzikunja upya zile nguo alizokuwa amezikalia.

"Kwa hiyo ulikuwa unakula hapa," akasema.

Nikafunga zipu ya begi.

"Otuoma alipokuuliza, ulimjibu nini?"

"Nilimwambia tunajitahidi."

"Sema kama ulivyomwambia."

"Tunajitahidi, mzee."

"Haya. Sasa toka, nifunge mzigo."

Nilitoka. Rangi ya mlango ilikuwa imekauka siku nyingi. Nilitembea mpaka Nyamagana kwa miguu kwenye mvua.

Ijumaa, 25 Aprili

Kibanda nimefungua. Nimechapa wasifu wa mtu anayetafuta kazi. Makosa matatu.

Jumatano, 30 Aprili

Hellen amepiga. Mazishi ni Jumamosi, wamengoja ndugu walioko mbali. "Mama anasema uje," akasema. "Mimi nisingekuita. Lakini anasema uje, na uje kwa basi la Ijumaa."

Jumapili, 4 Mei

Nimerudi Mwanza jioni hii. Naandika kabla sijabadilisha nguo.

Nyumbani kwa akina Zadok ni upande wa Shirati, mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya miti. Jumamosi walikuwepo watu wengi. Makaburi yalikuwa mawili, yamechimbwa pamoja: moja refu, la Mzee Otuoma, na jingine pembeni yake. Juu ya meza ndogo chini ya turubai lilikuwa tunda la mwegea, zito, refu kama mkono wa mtu mpaka kwenye kiwiko. Koti la suti lilikuwa limekunjwa kando yake.

Kwa hiyo alikuwa amekubali. Nikajisogeza nyuma kabisa, kwa wanawake wa mapishi.

Mchungaji alipomaliza sala ya mwanzo, mzee mmoja wa ukoo alisimama. Alisema wanamzika Otuoma na huzuni mbili, maana alitaka kumlaza mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe na hakupewa nafasi. Hakumtaja mtu, lakini vichwa viligeuka kuelekea alikokaa Mama Rozina. Niliviona vikigeuka. Nikaelewa ile habari ya kutazamwa.

Mama Rozina akasimama. "Kuchelewa kuna mwenyewe," akasema. "Yupo. Bernadeta, njoo hapa mbele."

Sijui nilipitaje katikati ya viti vile. Nilisimama kando ya meza yenye tunda, nikasema jina langu, nikasema nimetoka Mwanza. Nikaeleza yote: kitabu, maswali, jinsi nilivyomwacha aamini, simu ya Mzee Otuoma na neno nililomjibu. Mtu mmoja alinitafsiria kwa wazee wasiosikia Kiswahili vizuri, kwa hiyo kila kosa lilisemwa mara mbili.

"Waambie na lile la mke," Mama Rozina akasema.

Nilimgeukia. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anautazama mstari wa viti vya mbele, walikokaa wazee wa kike wa ukoo, mmoja baada ya mwingine.

"Katika kitabu niliandika kwamba mke ndiye aliyemuua mume wake," nikasema. "Nilitunga. Nimekaa na mama huyu masika nzima, nimemuuliza maswali mabaya ambayo hata polisi hawakumuuliza, na sikupata neno moja la kunifanya nimshuku. Niliandika hivyo kwa sababu hadithi ilikuwa inapendeza zaidi."

Ikatafsiriwa. Kisha mwanamke mzee sana katika viti vile, dada yao akina Otuoma na Zadok, wa mwisho aliyebaki, akauliza kitu kwa Kijaluo. Mtafsiri akaniambia, "Anauliza, inapendeza kwa nani?"

"Kwa watu wasiomjua," nikasema.

Bibi yule alisikia tafsiri, akatikisa kichwa. Halafu akashika mkongojo wake, akainuka kwa shida, akatembea mpaka alipo Mama Rozina, akakaa kwenye kiti cha jirani yake. Alikaa pale mpaka mwisho.

Walimzika Otuoma. Kisha wakalivika tunda shuka jeupe, wakaliwekea lile koti juu, wakalishusha. Mama Rozina alitupa udongo kwanza, Hellen akafuata. Hapo ndipo mama alipolia, kwa sauti ya msichana, na wanawake wakamzunguka. Mimi sikusogea. Hiyo haikuwa nafasi yangu.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemwambia Nkwabi kitabu hakitoki. Alidhani natania.

"Badilisha majina," akasema. "Kihamishie Bukoba. Nani atajua?"

"Igogo watajua. Na yeye atajua."

"Dada, jalada limeshachorwa."

"Livalishe kitabu kingine."

Alikasirika, akaniambia ni kitabu changu bora, na kwamba sitaandika kingine kama hicho. Nadhani yuko sahihi kwa yote mawili. Nilifuta sura zote kwenye kompyuta, nikamwomba naye afute, akakata simu. Sijui kama amefuta.

Jumanne, 20 Mei

Mvua imepungua. Asubuhi nimeliona ziwa lote mpaka ng'ambo.

Jumamosi, 31 Mei

Sikuwa na mpango wa kwenda Igogo. Hellen alipita kibandani juzi kutoa fotokopi, na alipokuwa anaondoka akasema, kama anayemwambia mtu mwingine, kwamba mama yake Jumamosi huwa anakaa tu barazani, hafanyi kitu.

Nikaenda. Nilisimama nje ya baraza, juani, nikamwamkia. Aliitikia. Hakusema karibu. Nami sikusogea.

Baada ya muda akasema, "Mwenzio amezoea kuulizwa."

"Mama?"

"Wiki zote zile ulikuwa unauliza, mimi nakumbuka. Ukishaondoka nakumbuka mengine, nakuwekea. Sasa yamejaa humu na hakuna anayeuliza. Hellen hataki. Kanisani wananiambia amelala, nimwache."

"Sina kitabu tena. Nimekifuta."

"Sijakuuliza kitabu." Alikisukuma kigoda kwa mguu, kikasogea kidogo upande wangu. Hakukifuta. "Nimesema uliza."

Nikakaa. Begi nililiacha chini, limefungwa. Nilitafuta swali ambalo Ngosha asingeweza kuuliza, swali lisilotafuta muuaji wala mahali wala saa, na nilikawia kulipata.

"Alikuwa anakuchekeshaje?"

Mama Rozina alinitazama. Alikuwa bado hajanisamehe, nililiona hilo wazi, na huenda hatanisamehe. Kisha akaanza kusema, na alisema mpaka jua likahama barazani, na mara mbili alicheka hadi akafuta macho.

Yote aliyoniambia nayakumbuka, neno kwa neno. Sitayaandika popote, hata humu.